Watoto wa Mombasa wafundishwe sayansi ufuoni pia, si ubaoni tu

Mhariri,

Tangu sekondari msingi zianze kuendeshwa ndani ya shule za msingi mwaka 2023, mjadala kuhusu ufundishaji wa sayansi umeelemea upande mmoja tu, nao ni uhaba wa maabara. Kwa wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 malalamiko hayo ni ya haki, na serikali haina budi kuyashughulikia. Ninachokipinga ni jinsi hoja hiyo inavyoteremshwa hadi madarasa ya chini, ikawa kila mwalimu wa Gredi ya 4 au ya 5 anayefundisha sayansi kwa chaki peke yake husema hana vifaa. Mtoto wa miaka kumi hahitaji maabara ili aanze sayansi. Anahitaji kitu cha kutazama, swali ambalo bado hajapewa jibu lake, na muda wa kubahatisha, kupima na kubahatisha tena.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ulikusudia hayo hasa. Sisi walimu wastaafu tuliozoea mfumo wa 8-4-4, ambapo mtoto alikariri sehemu za ua bila kushika ua, tuliupokea kwa matumaini. Lakini katika shule nyingi kilichobadilika ni mahali pa kunakili tu. Zamani mtoto alinakili kutoka ubaoni. Siku hizi mzazi hutumwa saibaa usiku kuchapisha picha za rangi ili zibandikwe daftarini kesho yake. Najua mtoto anayeishi kando ya hori ya Tudor aliyeagizwa apeleke shuleni picha ya mikoko, ilhali mikoko yenyewe iko umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka darasani. Picha ile haikuweza kumwonyesha mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, inayochomoza juu ya tope ili ipate hewa, wala mbegu ya mkoko inayoota ingali inaning'inia mtini. Fedha za kuichapisha zingetosha chakula cha asubuhi.

Mfano ninaoupendelea kuliko yote ni wa maji kujaa na kupwa, kwa sababu hakuna mtoto wa Mombasa asiyeyaona na ni wachache mno wanaoulizwa juu yake. Mwalimu na achague ukuta au nguzo moja iliyo mahali salama, kisha watoto waandike kila siku, kwa mwezi mzima, saa ambayo maji yamefika juu kabisa na umbo la mwezi usiku wa siku hiyo. Wasielezwe chochote kwanza. Baada ya siku chache wataanza kugundua kwamba saa haitulii: leo maji yamejaa saa nane, kesho yatachelewa kwa takriban dakika 50, na kesho kutwa vivyo hivyo. Wakifika katikati ya mwezi wataona pia kwamba kuna siku maji hupanda sana na kushuka sana, na siku nyingine hayaendi mbali. Mtoto wa mvuvi atasema kuwa hilo ni bamvua na lile ni maji mafu, na huenda ikawa ndiyo mara yake ya kwanza kuwa mjuzi darasani. Wengi wa watoto wetu tayari hufuata kuandama kwa mwezi kwa sababu ya Ramadhani, kwa hiyo haitawawia vigumu kuona kwamba bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu.

Hapo ndipo maelezo ya mwalimu huwa na thamani, kwa kuwa yanajibu jambo ambalo watoto wenyewe wameshalishangaa. Mwezi unaizunguka dunia, hivyo baada ya saa 24 hauko tena pale ulipokuwa jana, na dunia hulazimika kujizungusha kwa dakika hizo 50 za ziada ndipo Mombasa irudi chini yake. Jua na mwezi vinapokuwa katika mstari mmoja na dunia, mvuto wao huungana na maji hupanda zaidi. Kwa nini bahari hujaa mara mbili kwa siku na si mara moja ni swali gumu, na mwalimu asione haya kuliacha wazi hadi madarasa ya juu.

Nitaambiwa kwamba darasa lina watoto sitini na zaidi na kwamba bahari ni hatari. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana sisemi darasa zima lipelekwe majini. Kikundi kidogo chenye mtu mzima kinatosha kusoma alama kwenye ukuta. Siku za bamvua, maji hapa kwetu hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati wa masomo, jambo linalorahisisha ziara moja ya kuangalia miamba na viumbe vyake katika ufuo wa umma.

Shule zilizo mbali na maji zina uwanja na zina jua. Kijiti kilichosimikwa wima kitawafundisha watoto mengi. Kwa kuwa tuko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, mwezi Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini na mwezi Desemba huelekea kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na mapema mwezi Oktoba, kijiti hukosa kivuli kabisa jua linapofika utosini. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi haviwezi kumwambia mtoto hivyo. Mwalimu wa madrasa, ambaye hufundisha nyakati za adhuhuri na alasiri kwa kivuli, angeweza kualikwa shuleni, na sioni ni nani angekatazwa kujifunza kwake.

Kikwazo halisi, kwa maoni yangu, ni namna tunavyowapima walimu. Alama za tathmini ya Gredi ya 6 hutokana kwa asilimia 40 na mtihani wa kitaifa na kwa asilimia 60 na kazi zinazofanywa shuleni kuanzia Gredi ya 4. Hiyo asilimia 60 ndiyo nafasi yetu, lakini mkaguzi akija hutafuta madaftari yaliyojaa majibu sahihi. Daftari la mtoto aliyekisia kwamba maji yatajaa saa sita, akaona yamejaa saa saba, akaandika yote mawili na kuuliza sababu, huonekana chafu na hupewa alama ndogo kuliko lile lililonakiliwa vizuri. Baraza la Mitihani la Kenya na Tume ya Huduma za Walimu zinaweza kulirekebisha hili bila kujenga hata chumba kimoja: kazi moja ya sayansi kwa shule za Pwani iwe ni kumbukumbu ya mwezi mmoja ya maji au ya kivuli, na makisio yaliyokosewa yasikatwe alama mradi yameandikwa kabla ya kupima.

Halmashauri ya Bandari Kenya hutayarisha majedwali ya maji kujaa na kupwa kwa ajili ya vyombo vinavyoingia Kilindini. Naiomba izipatie shule za msingi za kaunti hii nakala zake, na walimu wakuu wazifungie kabatini hadi watoto watakapomaliza kumbukumbu zao, kisha wawape walinganishe.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa.