Kwa Ngoie, kabla ya basi la Kolwezi

Katuba, Lubumbashi
Jumatano usiku

Mama Ngoie, mwanangu,

Habari yako nimeipata kwa mama yako, tena akiwa amenipa mgongo anachekecha unga. Eti Jumatatu unapanda basi la Kolwezi, na kazi yenyewe ni kupima mnururisho, yaani mionzi, kwenye magunia ya kobalti kabla malori hayajashika njia ya Kasumbalesa mpakani. Mimi ndiye wa mwisho kujua, kama kawaida. Sikatai, habari ni njema. Nimeshamwambia jirani wa mbele, nimemwambia fundi viatu, na kanisani watajua Jumapili kabla sijafungua mdomo. Ila ungeniambia mwenyewe.

Nina neno moja tu. Vumbi. Usile karibu na hayo magunia. Usinywe maji pale, hata jua likichoma, hata wenzako wakinywa na kukucheka. Usitoke na nguo za kazi ukaenda nazo kulala. Najua utasema, Papa, hayo tumefundishwa mwaka wa kwanza. Sawa. Ulifundishwa pia kupiga simu nyumbani.

Kwa nini wanakuhitaji, naelewa. Ardhi yetu haikutenga vitu kwenye vyungu mbalimbali: shaba, kobalti na uraniamu vinalala kitanda kimoja. Mwaka 2018 kampuni moja kubwa hukohuko Kolwezi ilisimamisha kuuza kobalti yake kwa sababu uraniamu ilikutwa ndani. Basi mtu wa kupima lazima awepo, na nafurahi kwamba safari hii mtu huyo ni mtoto wa hapa. Habari za mgodi wa Shinkolobwe na uraniamu yake iliyoingia kwenye bomu la 1945 nakuachia. Kila mgeni anayefika hapa anatusimulia hizo kana kwamba sisi tulikuwa tumelala.

Sasa nisikilize. Miaka 28 nimesimama ubaoni nikifundisha somo hili la mnururisho, na kila mwaka nililianza na bukari, ugali wetu. Kiini cha atomu kikizidi ukubwa hakitulii, kinamega tonge. Tonge hilo ndilo alfa, na halibadiliki kipimo: protoni 2, nyutroni 2, basi. Ukimega tonge hilo kwenye uraniamu 238, namba ambayo ni jumla ya protoni na nyutroni zake, unabaki na thoriamu 234. Hapo ndipo beta inapoingia: hakuna tonge linalotoka, ila nyutroni moja inageuka protoni na elektroni inatupwa nje. Uzito unabaki uleule, jina linabadilika, atomu inapanda ngazi moja. Gama haimegi kitu wala haibadilishi jina. Ni kiini kinachoshusha pumzi baada ya kazi, kwa mwanga usioonekana. Mwanasayansi Rutherford alitenganisha alfa na beta mwaka 1899, mwenzake Villard akaiona gama mwaka 1900. Tarehe hizo wanafunzi walizishika kama sala.

Hesabu niliyoipenda kuliko zote ni ile ya ukoo. Uraniamu 238 anaishia kuwa risasi 206, ile metali nzito. Tofauti ni 32, gawa kwa 4, matonge 8 ya alfa. Kila alfa inaondoa protoni 2, kwa hiyo protoni 92 za uraniamu zinashuka hadi 76. Lakini risasi ina protoni 82, basi lazima beta 6 zimeipandisha. Alfa 8, beta 6. Hakuna aliyeingia ndani ya jiwe kuhesabu, ni kutoa na kugawa tu! Nilikuwa nageuka ubaoni kuwatazama, na karibu kila mwaka walikuwepo wawili watatu ambao macho yao yaliwaka. Mwaka wako ulikuwa wewe peke yako. Sikukuambia siku hiyo kwa sababu ulikuwa umechelewa darasani.

Lakini kuna mstari mmoja niliouandika miaka hiyo yote, na tangu jana unanikosesha usingizi. Niliandika: ALFA, DHAIFU. Kisha nachana ukurasa wa daftari, naushika juu, nasema karatasi hii inatosha kuizuia, hata ngozi inatosha. Beta inataka bati la alumini la milimita chache, gama inataka risasi au ukuta mnene wa saruji. Mtihani uliuliza hivyohivyo, wanafunzi wangu wakafaulu, na mimi nikapewa mkono wa pongezi. Hakuna uongo hapo. Ila nilikomea hapo. Sikuwahi kuandika mstari unaofuata, kwamba ndani ya pafu hakuna karatasi. Ile nzito ya polepole, isiyoweza kutoboa ukurasa, ikiwa ndani inashusha mzigo wake wote kwenye njia fupi kama unene wa unywele, na njia hiyo ni nyama yako. Dhaifu ni nje tu.

Na kile kidude watakachokubandika kifuani, usikiamini kupita kiasi. Kinakuhesabia gama, na beta kidogo. Vumbi ulilolimeza saa nne asubuhi ukila mkate hakilioni. Mwisho wa mwezi karatasi itasema wewe ni mzima, utanitumia picha, mama yako atashangilia. Mimi nitauliza ulikula wapi.

Halafu kuna radoni. Katika ukoo ule wote ni mawe, ila huyu mmoja ana miguu. Radiamu 226 inakaa, nusu-uhai wake, muda wa nusu yake kumegeka, ni miaka 1,600. Ikimega tonge anazaliwa radoni, gesi, anatoka kwenye jiwe na kutembea chumbani. Nusu-uhai wake siku 3.8. Watoto wake ni yabisi tena, poloniamu na wenzake, wa dakika chache chache, wanashika vumbi lililo hewani, na vumbi linashika njia ya pua. Unaona narudi palepale. Ukikuta ghala limefungwa usiku kucha, fungua milango, kaa nje kwanza, wakuone mvivu.

Marie Curie, mmoja wa wagunduzi wa radiamu, alipata Nobel mwaka 1903 na nyingine 1911, akafa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu. Madaftari yake yananururisha hadi leo. Nakuambia hili kwa sababu najua unavyoringa na akili.

Mama yako nimejaribu kumweleza, nikaharibu. Nilitaka kumtuliza, nikamwambia kwamba hata sisi wenyewe tuna potasiamu 40 mwilini, kwamba katika mtu mzima atomu zaidi ya 4,000 zinageuka kila sekunde, nyingi kwa beta, na chache, kama 11 katika 100, kiini kinameza elektroni yake mwenyewe na kuwa argoni. Akaniuliza hiyo potasiamu inatoka wapi. Nikasema kwenye maharage, kwenye ndizi. Sasa maharage yamefungiwa, tunakula sombe siku ya tatu. Mpigie umwambie mwili unaijua potasiamu tangu Adamu. Mimi hanisikii.

Tena kuhusu lile jiwe langu la uraniamu. Uliniuliza kwenye simu liko wapi, nikajibu nimelitupa. Kutupa ni neno pana.

La njano na rangi ya chungwa, aliniuzia mchimbaji mmoja Likasi, kabla Shinkolobwe haijafungwa rasmi mwaka 2004, kwa bei ya kuku. Picha ya ufunguo unaikumbuka, ilining'inia darasani. Niliifanya kama alivyofanya Becquerel, aliyegundua mnururisho, mwaka 1896: filamu ndani ya karatasi nyeusi, juu yake ufunguo wa nyumba, juu ya ufunguo jiwe, yote kwenye droo. Ilipooshwa, ufunguo ulitokea mweupe, meno yake yote matatu, na pembeni weusi kama masizi. Sijawahi kufurahi vile shuleni. Ambalo hulijui ni mahali jiwe lilipolala wakati wa likizo. Shuleni wangeliiba. Lililala chumba cha akiba, juu ya gunia la unga, limefungwa kwenye kitambaa cha jikoni. Kitambaa kilikuwa kinarudi jikoni. Mwezi wa Julai, baridi ile, madirisha tunayafunga.

Kipande kimoja si mgodi, nimejiambia hivyo. Nimepiga hesabu kwa penseli mara mbili. Mlikohoa, lakini watoto wote wa mtaa walikohoa, ilikuwa vumbi na moshi wa makaa.

Mdogo wako bado anadaiwa karo ya muhula, usimtumie yeye mkononi, nitumie mimi. Mabati ya jikoni yamefunguka upande wa bafu na mvua zimeanza. Fundi anataka misumari yake na pesa yake yote kabla ya kupanda ngazi, nimemwambia aende. Mama yako presha imeshuka. Gunia la unga limepanda tena bei, kwa hiyo ukipata mshahara wa kwanza usianze na simu mpya.

Jiwe liko uani, nyuma ya mparachichi, ndani ya kopo la maziwa, kina cha mkono mmoja. Nililizika mwaka ule nilipostaafu. Jana mama yako amesema pale ndipo anataka kupanda lengalenga, ule mchicha wake, kwa sababu pana kivuli cha asubuhi. Nimemwambia udongo wa pale umechoka. Amenitazama.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla hujasafiri, pita hapa. Kama wameshakupa ile mashine ya kupimia, ibebe, iweke chini ya mboga kwenye kikapu. Saa nne yeye huwa sokoni. Tutapima pale uani, halafu chumba cha akiba, halafu utanipima mikono. Usije umevaa viatu vizuri, na usile kitu hadi tumalize na kunawa.

Papa wako