Kaka Besi, sasa umekuja kwenye nyuzi sita

Dodoma, Jumapili jioni

Kaka Besi,

Habari za Mbeya na baridi yake? Huku wazima, vumbi tu. Mama anakusalimu na anauliza utaoa lini. Mimi simo.

Ujumbe wako niliusoma kwenye daladala nikacheka peke yangu hadi konda akanitazama. Miaka yote ile ukitusema sisi wa gitaa dogo, kwamba tuna nyuzi nyingi na akili chache, leo umenunua la kwako na unaniuliza pentatoniki, ule mpangilio wa noti tano, inaanzia wapi! Karibu. Vidole vitakuuma, wala usidhani ugumu wa nyuzi za besi umekukinga. Uzi wa kwanza ni mwembamba kama wembe.

Mimi nilianza vibaya, acha nikusimulie. Nilianzia pale wanapoanzia wote, freti ya tano, yaani nafasi ya tano kati ya vile vyuma vya shingoni: umbo moja la vidole, noti kumi na mbili, mbili kwa kila uzi, kidole cha kwanza kimeganda pale kama mlinzi wa benki. A, C, D, E, G zikijirudia, basi. Baada ya wiki mbili nilikuwa napanda na kushuka nimefumba macho, nikajiona mpiga solo. Kisha nikaambiwa yako maumbo mengine manne hadi juu ya shingo. Nikayakariri yote kama jedwali la kuzidisha. Matokeo yake nikawa na nyumba ya vyumba vitano isiyo na mlango hata mmoja. Nikiwa chumba cha kwanza napiga vizuri. Nikitaka kwenda cha pili lazima nisimame, nihesabu freti, nihamishe mkono mzima, na wakati huo kwaya imeshafika kwenye kiitikio.

Aibu yenyewe ilinikuta kanisani. Pambio lilikuwa do ni A. Nikajiambia A ni A, nikakaa freti yangu ya tano nikamwaga solo. Mwalimu wa kwaya alisubiri hadi mwisho, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mbona sisi tunashangilia, wewe uko msibani?"

Alikuwa sahihi. Umbo lile likianzia freti ya tano, A yake ni la. Do yake ni C. Wenzangu wa soprano walikuwa wanaimba C shapu, nusu toni juu ya C, mimi naigonga C kavu juu ya vichwa vyao. Nilitakiwa kurudi nyuma, umbo lile lile lianzie freti ya pili, hapo A inakuwa do. Freti tatu tu, Kaka, ndizo zilizonitenga na furaha ya Bwana.

Kuanzia siku hiyo niliacha herufi nikarudi kwenye sol-fa yetu ya kwaya ya watoto. Pentatoniki ni do re mi so la. Fa na ti zimepewa likizo. Hizo mbili ndizo zinazobanana na jirani zao kwa nusu toni, fa na mi, ti na do. Zikitoka, kila noti inapata nafasi ya kupumua, ndiyo maana hata mtoto akipapasa hizo tano unasikia kama wimbo.

Basi fanya hivi. Usiguse maumbo kwanza. Chukua uzi wa kwanza peke yake, do iwe C, uimbe huku unapiga: uzi mtupu ni mi, freti ya tatu so, ya tano la, ya nane do, ya kumi re, ya kumi na mbili mi tena. Imba kwa sauti, jirani atazoea. Mimi nilikaa na uzi mmoja siku tatu, na hizo siku tatu zilinifaa kuliko miezi miwili ya kukariri, kwa sababu kwa mara ya kwanza mkono ulitembea kwa kufuata wimbo.

Halafu ndipo ngazi, na hii ndiyo hasa iliyonifanya nikuandikie barua ndefu badala ya kukujibu kwa mstari mmoja. Uzi wa sita, ule mnene, freti ya tatu na ya tano: so la. Uzi wa tano, freti ya tatu, ya tano, ya saba: do re mi. Ile mi usiifuate kwa kidole kipya. Kidole kilichobonyeza re kiteleze nacho mpaka saba, uzi ulie njia nzima. Tayari umeshasogea mbele bila kusimama. Sasa uzi wa nne na wa tatu, umbo hilo hilo, lianzie freti ya tano: so la, do re mi. Kisha uzi wa pili na wa kwanza, umbo hilo hilo tena, lianzie freti ya nane: so la, do re mi, unaishia freti ya kumi na mbili. Karibu oktavo tatu, umbo moja, na umepita katikati ya vile vyumba vyangu bila kubisha hodi.

Umeona kuruka kwake? Kutoka freti ya tatu kwenda ya tano ni hatua mbili, kutoka ya tano kwenda ya nane ni tatu. Hapo ndipo utakapojikwaa wewe mtu wa besi. Kwenye besi yako kila uzi unapishana na mwenzake kwa freti tano, umbo halibadiliki ng'o. Kwenye gitaa, kati ya uzi wa tatu na wa pili ni freti nne tu. Kila umbo likivuka pale linasogea freti moja mbele. Mimi nililaani uzi wa pili mwezi mzima nikidhani gitaa langu halijatyuniwa.

Na ukichoka, piga nyuzi tupu kutoka wa sita hadi wa kwanza, bila kubonyeza kitu. Do ikiwa G, umeimba la, re, so, do, mi, la. Gitaa lenyewe, likiwa limelala kitandani, ni pentatoniki.

Najua utaniuliza kuhusu Mbaraka Mwinshehe wako, yule mpiga gitaa. Usitegemee noti tano zikufikishe kwenye muziki wa bendi yake ya Morogoro Jazz. Sikiliza magitaa ya dansi la zamani, fa na ti zinapita humo mara kwa mara. Lakini ukishaijua ngazi utajua pa kuzipachika, kwa sababu utasikia pengo lao. Mimi ndiko niliko sasa, naziingiza moja moja, na nusu ya muda nakosea.

Nitakuja huko Desemba, Mungu akipenda. Nitakupigia kordi za C na A maina taratibu, wewe upande ngazi. Spika ndogo ninayo. Waya wa gitaa uwe nao wewe, wangu panya ameukata.

Wako,
Yule wa msibani