Kabla hujasimama mbele ya wazazi

Morogoro,
Mei 2026

Mpendwa Mama Zawadi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, watoto wanaendelea vizuri, na mpunga mwaka huu unatia moyo. Nimefurahi sana kusikia wazazi wamekuchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Huko Kilindi panatakiwa mtu anayeweza kuzungumza na baba wa Kizigua mwenye shamba na baba wa Kimasai mwenye ng'ombe, wote wakaondoka wakiwa wamesikilizwa. Wewe unaweza.

Umeniambia mwalimu mkuu anataka uzungumze na wazazi wa Darasa la Nne na la Saba kuhusu mitihani ya taifa, na kwamba hizo herufi za matokeo wewe mwenyewe hujawahi kuelezwa zina maana gani. Hauko peke yako. Wazazi tunawaita shuleni kwa ajili ya michango, uji na madawati. Habari ya mtihani wanaisikia siku ya matokeo, wakati hakuna tena kinachoweza kubadilishwa. Kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu, nawe utachukua kinachokufaa.

Ningekuwa mimi ningeanza na Darasa la Nne, ingawa kila mzazi atakuja akiwa na la Saba kichwani. Upimaji wa Darasa la Nne hufanyika kwenye mwezi wa kumi, na matokeo hutoka kwenye mwezi wa kwanza. Wengi huuchukulia kama mtihani mdogo, wa kupita tu. Mimi nauona kuwa ndio mkubwa, kwa sababu baada yake bado kuna muda. Waambie ni kama palizi ya kwanza: ukiliona gugu mapema, mahindi bado unayo. Mtoto asiyefikia kiwango hukariri Darasa la Nne, na wazazi huona hiyo ni aibu. Waambie wasione aibu. Mtoto anayepelekwa Darasa la Tano akiwa hajui kusoma aya moja akaielewa, atakaa nyuma ya darasa miaka yote iliyobaki akinakili ubaoni maneno asiyoyajua, na kwenye la Saba hakuna mwalimu mwenye nafasi ya kumrudisha kwenye a, e, i, o, u. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kuangalia. Ampe mtoto kipande chochote cha maandishi, barua, tangazo, ukurasa wa daftari, asome kwa sauti, kisha amwulize kwa maneno yake kinasema nini. Akisita kila neno, mzazi aende kwa mwalimu wiki hiyo hiyo, asisubiri Januari.

Sasa zile herufi. Kwa hawa wa Darasa la Saba, mtihani ni wa siku mbili mwezi wa tisa, masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, zote pamoja 300. A huanzia 41, B 31, C 21, D 11, na chini ya hapo ni E. Kwa jumla, A ni kuanzia 241, B 181, C 121, D 61. Anayepata C ya jumla na kwenda juu ndiye tunayesema amefaulu. Ila Baraza la Mitihani haliwaonyeshi wazazi alama, huonyesha herufi tu, na hapo ndipo mzazi anapopotea. Andika mfano huu ubaoni, au uuseme polepole:

Mtoto amepata Kiswahili 40, Kiingereza 15, Sayansi 28, Maarifa ya Jamii 27, Uraia 30 na Hisabati 8. Jumla 148. Daraja la jumla ni C, amefaulu, nyumbani kuku atachinjwa. Lakini Hisabati amepata E, na Kiingereza D. Kwenye Hisabati alikuwa akibahatisha.

Mama Zawadi, hapo kwenye Kiingereza usipite haraka. Mtoto huyu Januari ataingia Kidato cha Kwanza, na huko, ukitoa somo la Kiswahili, karibu kila kitu hufundishwa kwa Kiingereza. Biolojia, Jiografia, hata hiyo Hisabati. Kwa miaka saba alijifunza kwa lugha anayoiota, halafu ghafla mwalimu anaeleza usanisinuru kwa lugha aliyopata 15 kati ya 50. Nimewaona watoto wachangamfu kabisa wakinyamaza kidato cha kwanza mpaka watu wakadhani ni wazito. Kwa hiyo mzazi akiona C ya jumla asiishie hapo. Aangalie Kiingereza na Hisabati, ambayo ndiyo masomo yanayoangusha watoto wengi zaidi nchini kila mwaka, na ile miezi kati ya mtihani na kufungua kidato cha kwanza aitumie. Wengi huigeuza kuwa ya kuchunga na kuuza karanga stendi tu. Kama kuna kijana wa kidato cha nne hapo kijijini aliye nyumbani, amkalie mdogo wake saa moja jioni na kitabu cha Kiingereza. Hiyo haihitaji fedha.

Usiruhusu pia mkutano ugeuke kuwa wa kulinganisha shule na shule. Baraza lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, na naliunga mkono kwa moyo wote. Shule ya mjini yenye watoto thelathini darasani na shule yenu yenye watoto wanaotembea kilomita nyingi bila kifungua kinywa hazikushindana kitu kimoja. Lakini wazazi wanayo haki ya kuuliza swali jingine: shule yetu mwaka huu imekuwaje ukilinganisha na sisi wenyewe mwaka jana, na somo lipi linatuangusha? Hilo mwalimu mkuu anaweza kulijibu, na kamati yako inapaswa kulidai.

Nakuja kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, na najua kwenu lipo kwa sababu lipo sehemu nyingi. Kuna wazazi wanaowaambia watoto wajifelishe. Mtoto anayejua jibu anatia kivuli kwenye herufi yoyote, au anaacha wazi, kwa sababu baba amesema akifaulu atakiona. Wa kiume anatakiwa machungani. Wa kike ameshaongelewa mahari, na wanasubiri tu amalize la Saba. Sisi walimu tunalitambua: mtoto aliyekuwa anapata B kwenye mtihani wa majaribio wa wilaya, ule wa mock, matokeo yanatoka ana E tupu.

Nakusihi usiwatukane hadharani. Ukisema "ninyi wazazi mnaouza watoto", watanyamaza, na watarudi nyumbani kufanya walichokusudia. Anza na hofu yao, kwa maana nyingine ni za kweli. Mzazi anasema sekondari ni gharama. Ada ilifutwa tangu Januari 2016 kwa shule za serikali mpaka kidato cha nne. Zamani ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Hilo wengine bado hawalijui vizuri, waambie. Lakini usiwadanganye kuwa hakuna gharama. Sare ipo, madaftari yapo, chakula kipo, na kama sekondari ya kata iko mbali, kuna nauli au chumba cha kupanga. Na hicho chumba cha kupanga ndicho kinachowatisha mama wenye mabinti, nao hawakosei kuogopa. Binti wa miaka kumi na minne kuishi peke yake kwenye chumba hicho si jambo la kulipuuza. Kamati yako ilichukue kama kazi yake: nani ana ndugu karibu na sekondari, wasichana wangapi wanaweza kukaa kwa mama mmoja anayeaminika, hosteli imefikia wapi, nani wa kumfuata kwenye halmashauri. Mzazi akiona mnalibeba pamoja naye, ataona ana pa kuanzia.

Halafu waambie na upande wa sheria, kwa utulivu lakini bila kuficha. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi au kumpa mimba ni kifungo cha miaka 30. Wapo wanaofikiri wakingoja amalize la Saba akafeli, sheria haiwagusi. Ndiyo maana mtihani wa Septemba unakuwa mlango wa kumtoa mtoto shuleni kimyakimya. Ningependa kila mama aliyekaa kwenye mkutano huo aelewe hilo vizuri, hata kama baba watoto hakuja.

Na watoto wenyewe zungumza nao pia, bila wazazi, mwalimu wa malezi akiwepo. Mwambie kila mmoja karatasi ile ina namba yake, na majibu ni yake. Mtoto aliyeagizwa kujifelisha hubeba mzigo huo peke yake kwa sababu hawezi kumshitaki baba yake. Akijua yupo mtu mzima mmoja anayejua, mara nyingi anaandika anachokijua.

Mengine ni madogo, ila yamewagharimu watu. Jina la mtoto kwenye usajili lifanane na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi, maana kulibadilisha baadaye ni safari ndefu. Wazazi waombe kuonyeshwa orodha. Mtoto asiyeona vizuri atajwe mapema, miezi mingi kabla, kwa sababu kuna karatasi za maandishi makubwa na za nukta nundu, na huongezewa muda. Akitajwa siku ya mtihani haisaidii. Maswali mengi ni ya kuchagua, na fomu ya majibu husomwa na mashine tangu mwaka 2012. Mtoto akitia kivuli herufi mbili kwenye swali moja amelikosa, na akifuta vibaya mashine inaweza kuona vyote viwili. Kwa hiyo penseli ya HB na ufutio mzuri si anasa. Maswali machache ya mwisho anaandika mwenyewe, na hapo ndipo anayejua kuandika anapoonekana.

Wiki ya mtihani asitumwe kuchota maji usiku wala kulinda shamba dhidi ya ngedere. Alale, ale asubuhi, awahi. Wasimamizi hutoka shule nyingine na askari huwepo. Waeleze mapema, maana watoto wengine wakiona bunduki hutetemeka mpaka wanasahau majina yao. Na mzazi yeyote atakayeambiwa kuna "majibu yanauzwa", amfukuze huyo mtu. Baraza hufuta matokeo ya watahiniwa wanaobainika kudanganya, na anayeumia ni mtoto.

Utaulizwa kuhusu asiyefaulu. Kwenye shule ya serikali harudii la Saba, na ile michezo ya kumbadilishia jina na kumwandikisha shule nyingine isikubalike. Lakini hajafungiwa. Ipo VETA na vituo vingine vya ufundi, zipo sekondari binafsi kwa mwenye uwezo, na ipo njia ya mtihani wa maarifa, ile QT, anayoweza kusomea kwenye vituo vya elimu ya watu wazima kisha akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sema haya kabla ya matokeo. Mtoto aliyesikia kuwa ipo njia nyingine hawezi kuambiwa kirahisi kwamba maisha yake yameishia hapo.

Mwisho, jiandae kwa swali la mtaala mpya, kwa sababu lazima litoke. Watoto walioanza Darasa la Tatu mwaka 2024, ambao sasa wako la Tano, wanamaliza elimu ya msingi Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka ule ule na waliowatangulia wanaomaliza la Saba. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Wazazi wa la Tano wengi wanadhani wana miaka miwili kamili mbele yao baada ya mwaka huu. Hawana. Waambie leo. Na wewe na kamati muulize mapema, kwa diwani na kwa mtendaji, sekondari yenu ya kata ina vyumba vingapi na vinatosha nani.

Nijulishe tarehe ya mkutano ikipangwa. Ukitaka nikuandikie yale matokeo ya mfano kwenye karatasi kubwa la kubandika ukutani, nitayatuma na basi la Handeni. Msalimie Zawadi, mwambie Shangazi anauliza Kiingereza chake kikoje, na safari hii anataka kuona daftari.

Rafiki yako,
Mama Tumaini