Mkono wako, Zaituni

Arua

Rafiki yangu Zaituni,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto. Sisi huku tu wazima, mvua zimeanza.

Picha ya mkono wako nimeitazama sana. Plasta imetolewa, mfupa umeunga, eksirei haina kasoro, na bado unawaka moto usiku kucha, hata shuka likigusa. Waliokuambia unajidekeza wamekukosea. Wanaosema ni uchawi nao waache. Maumivu yako ni ya kweli na yana jina, madaktari huyaita CRPS, kifupi cha Kiingereza cha ugonjwa wa maumivu makali ya mkono au mguu yanayobaki baada ya jeraha. Mmarekani Silas Weir Mitchell aliyaeleza tangu 1864, kwa askari waliopigwa risasi kwenye mishipa ya fahamu: kidonda kimepona, mkono unaungua.

Usitoe pesa kutafuta kipimo cha damu cha kuuthibitisha ugonjwa huu, hakipo. Daktari hufuata vigezo vya Budapest, yaani orodha ya dalili za kuutambua. Kwanza maumivu yawe yamezidi jeraha lenyewe. Kisha kuna makundi manne ya dalili: ngozi kuuma kwa mguso mdogo, joto au rangi kutofautiana na mkono wa pili, uvimbe au jasho, na kukakamaa, kutetemeka, au kucha na vinyweleo kubadilika. Wewe ueleze angalau matatu, yeye aone mwenyewe angalau mawili. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hufichika, kwa hiyo mwombe aguse mikono yote miwili kwa mgongo wa kiganja chake. Ahakikishe pia si usaha wala damu iliyoganda. Ukipata homa, usingoje.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile leso uliyofungia mkono. Nakuomba uifungue. Mkono usipotumika hukakamaa, na maumivu huzidi kushika mizizi. Jipapase kwa pamba, ukizoea kwa kitenge, kisha taulo, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Chambua maharage, suuza vikombe, hata kwa vidole viwili. Usijilazimishe mpaka machozi, na barafu usiweke.

Kuna na zoezi la kioo. Kisimamishe mezani mbele ya kifua, kati ya mikono miwili, mkono mgonjwa ufichike nyuma yake, mzima ukae mbele. Fumba na ufumbue kiganja kizima ukitazama kioo. Ubongo unaona kama mkono unaouma ndio unaosogea, bila maumivu. Wengi hupata nafuu kwa njia hiyo, ingawa polepole.

Dawa kama amitriptilini au gabapentini daktari anaweza kukupa upate usingizi na nguvu ya mazoezi. Zenyewe peke yake hazitoshi.

Nenda wiki hii kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo, hospitali ya Mulago kule Kampala au hospitali ya CoRSU pale Kisubi, popote nauli itakapokufikisha. Miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kuikimbilia. Kioo nimempa konda wa basi la usiku. Ukikipokea nipigie baada ya isha, tuanze zoezi la kwanza pamoja.

Wako,
Amina