Ufuatiliaji wa planktoni usikatwe kila bajeti inapobana

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitetee kazi ambayo haina watetezi wengi. Fedha za utafiti zinapopungua, kalamu nyekundu huwahi kupita kwenye kazi za kupima kitu kilekile, kwa njia ileile, mwaka nenda mwaka rudi. Mfadhili anataka ugunduzi ndani ya miaka mitatu. Bahari haiendi kwa kalenda hiyo.

Planktoni ni viumbe wanaochukuliwa na mikondo ya maji, wengi wao wadogo mno kuonekana kwa macho. Vijimea vyao hufanya takriban nusu ya usanisinuru (utengenezaji wa chakula kwa mwanga wa jua) wote duniani, na karibu samaki wote wa baharini wanawategemea, moja kwa moja au kwa kula waliowala.

Mwaka 1931 Mwingereza Alister Hardy alianza kufunga nyuma ya meli za biashara chombo alichokibuni mwenyewe. Maji huingia kwa tundu dogo la mbele na kuchujwa na kitambaa cha hariri, ambacho hujiviringisha polepole kadiri meli inavyokwenda, kisha huishia kwenye formalini, dawa ya kuzuia viumbe visioze. Kila kipande kinawakilisha maili 10 za baharini. Kazi hiyo inaendelea hadi leo chini ya Marine Biological Association ya Plymouth, na kitambaa bado ni hariri. Wapo wanaouliza kwa nini wasitafute kitu cha kisasa zaidi. Ukibadilisha chujio, utajuaje kama kilichobadilika ni bahari au ni chujio lako?

Tazama kilichoonekana kwa uvumilivu huo. Katika Bahari ya Kaskazini, iliyo kati ya Uingereza na Skandinavia, kopepodi (mdudu mdogo wa majini wa jamii ya kamba) wa maji baridi, Calanus finmarchicus, amepungua, na nafasi yake imechukuliwa na ndugu yake wa maji ya vuguvugu, Calanus helgolandicus. Wote wawili hawafikii ukubwa wa punje ya mchele, na wamefanana mno hivi kwamba mtaalamu huwatofautisha chini ya hadubini kwa mguu wa tano: ukingo wake wa ndani umenyooka, au umepinda? Kwa vifaranga vya samaki tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu wa kwanza hujaa majira ya kuchipua, wakati vifaranga vinatafuta chakula, ilhali wa pili hushamiri miezi kadhaa baadaye. Setilaiti hutupa rangi ya uso wa bahari, na nashukuru kwamba tunazo, lakini hakuna setilaiti itakayouona mguu huo.

Kisha kuna faida ambayo hakuna aliyeipanga. Hariri za zamani zilihifadhiwa. Mwaka 2004 watafiti walichapisha walichokuta walipozifungua zile za tangu miaka ya 1960: vipande vidogo vya plastiki, vikiongezeka kadiri miaka ilivyosonga. Waliozikusanya hawakuwa wakitafuta plastiki hata kidogo. Mradi wa miaka mitatu ungetupa wapi ushahidi wa namna hiyo?

Na kazi hii yote ilinusurika kufungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 fedha zilikaribia kukatwa, mpaka ilipoundwa taasisi ya hisani ya kuibeba mwaka 1990. Miaka hiyohiyo ndiyo Bahari ya Kaskazini ilipopita katika mojawapo ya mabadiliko makubwa kabisa ya ikolojia yaliyowahi kurekodiwa humo. Tungekuwa tumefumba macho wakati ule ule wa kutazama, na pengo kama hilo hakuna fedha inayoweza kulijaza baadaye.

Nawaomba wanaopanga bajeti za sayansi, popote walipo, waipe kazi hii fungu la kudumu kama wanavyovipa vituo vya hali ya hewa, ambavyo haviulizwi vimegundua nini mwaka huu. Ndani ya fungu hilo wasisahau mishahara ya wanaokaa kwenye hadubini. Kuwajua viumbe hawa kwa jicho huchukua miaka, na mjuzi akistaafu kabla ya kumfundisha mwingine, sampuli zitaendelea kuletwa pasipo mtu wa kuzisoma.

Msomaji wako