Kaka aliniuliza nilizifanya nini, sasa naogopa kugusa skrubu

Shangazi, shikamoo.

Ni saa kumi za usiku, malori yananguruma kwenye foleni ya forodha, na mimi sijafumba jicho. Utaona ni jambo dogo. Mke wangu ameshasema ni jambo dogo, ndiyo maana yeye amelala. Lakini wewe unajua mambo yanavyokuwa kwenye ukoo wenye mtu mmoja aliye Ulaya, kwa hiyo sitaeleza sana.

Desemba iliyopita kaka aliniletea hedifoni kutoka Ujerumani. Si zile zinazouzwa kando ya barabara pamoja na chaja. Hizi ni za studio, za ukinzani wa omu 250, ukizichomeka kwenye simu sauti inakuwa ya kunong'ona mpaka utafute amplifaya. Bei sikuuliza, aliitaja mwenyewe mbele ya watu. Nazitumia kazini: kwaya, kasida, matangazo ya redio, na mtu akitaka sauti ya harusi yake isafishwe. Nilipozivaa mara ya kwanza nikasikiliza kazi zangu za zamani, niliona haya. Kwa hiyo sisemi hazikunifaa. Zimenilisha.

Sasa skrubu zimelegea. Upande wa kushoto, pale uma wa chuma unaposhika bakuli la sikio, kuna skrubu mbili ndogo kuliko punje ya mtama. Moja imepanda juu kiasi cha unene wa ukucha, nyingine inazunguka ukiigusa tu kwa kidole. Nikigeuza shingo, kri. Mwimbaji akizivaa mbele ya maikrofoni, ile kri inaingia kwenye rekodi, na kuitoa bila kuharibu sauti ya mtu ni kazi ya usiku mzima.

Nikamwambia kaka. Kwa heshima kabisa, nikamwandikia yeye peke yake na picha nikaweka. Yeye akajibu kwenye kundi la ukoo, tena kwa sauti: "Ulizifanya nini? Vitu vizuri havikai huko." Mama amesikia. Shemeji amesikia. Watoto wa baba mkubwa kule Tororo wamesikia, na mmoja wao akaweka kicheko.

Sikuzifanya chochote, Shangazi. Kitu kinachovaliwa kila siku, kinapanuliwa, kinarudishwa, skrubu yake inazunguka kidogo kidogo yenyewe. Halafu kuna joto. Umeme ukikatika mchana na feni ikasimama, chumba changu hakikaliki, na chuma na plastiki havipanuki sawa. Hata huko kwake zinalegea, tena za bei kuliko hizi. Mimi sizitupi kitandani. Mtoto hazigusi. Zina msumari wake ukutani na kila jioni nazifunika kitambaa, kwa sababu jirani anachomelea mageti, na vumbi la grainda linafika mpaka dirishani kwangu. Ndani ya kila bakuli kuna sumaku kali; chembe ya chuma ikinaswa ikakaa kwenye ule utando mwembamba, besi yote inageuka mkwaruzo. Mtu anayejua hayo na kufunika kila jioni ndiye wa kuulizwa alizifanya nini?

Mke wangu akasema peleka kwa fundi wa simu pale stendi. Nikaenda, nisije nikaambiwa mbishi. Kijana akatoa bisibisi ya nyota, ya kawaida, akaanza kuiegemeza. Nikamwambia tazama kwanza, kichwa hiki si cha kona nne, ni cha pembe sita, zile wanaziita Torx. Ukilazimisha bisibisi isiyo yake unakula kichwa, na kichwa kikishaliwa hiyo skrubu haitoki tena ila kwa kutobolewa. Akasema basi tuweke supaglu mzee, imalize mambo. Nikazichukua mkononi mwake. Supaglu mvuke wake tu unaacha ukungu mweupe juu ya plastiki, na siku ukitaka kuifungua ile skrubu utamkumbuka aliyeiweka.

Kwa hiyo nikaagiza bisibisi yenyewe, Torx ya saizi T6, kupitia kijana wa basi la Nairobi, akaniletea kutoka Luthuli Avenue. Iko hapa mezani naitazama. Kukaza si kazi: unaisimamisha wima, unazungusha kwa ncha za vidole, ikigoma unaacha. Tatizo ni kwamba ukikaza peke yake italegea tena. Inataka kitu cha kuishika. Loctite nyekundu, ile gundi ya kushikia skrubu, siigusi, ile ukitaka kuitoa ni mpaka moto. Ya bluu, au ya zambarau iliyotengenezwa kwa skrubu ndogo, ingefaa, ila hiyo hukauka pale chuma kinapobanana na chuma pasipo hewa, na hapa chini ya uma sina hakika skrubu inaingia kwenye chuma au kwenye plastiki. Plastiki nyingine dawa ile huipasua. Kwa hiyo imebaki njia ya mafundi wa siku zote, tone la rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, linalowekwa kwenye meno ya skrubu kwa ncha ya kijiti cha meno. Mke wangu ametoa chupa yake. Unaona, kila kitu kipo.

Na naweza. Nimefungua mixa, nimefungua spika, hapa mjini wanaoniletea vinasa sauti ni wengi kuliko wanaompelekea yule wa stendi. Lakini nikishika hii bisibisi nasikia ile sauti ya kwenye kundi. Sumaku ya ndani inavuta chuma; mkono ukiteleza, ncha ikapita kwenye wavu, utando umetoboka. Hapo atakuwa amesema kweli. Na nikikaza vizuri zikapona, nani atajua? Atasema hazikuwa zimeharibika, nilikuwa natafuta kutumiwa pesa. Maneno yake yatabaki pale pale kwenye kundi.

Yeye anasema nisiguse, atazichukua Desemba. Kwamba sheria ya Ulaya inampa mnunuzi miaka 2 na mwaka wa kwanza haujaisha, dukani watazitengeneza bure. Sibishi, hilo ni kweli. Lakini kukaza skrubu ya nje si kufungua kitu. Na zikishapanda ndege sitaziona tena. Kamera ilikwenda hivyo hivyo. Halafu kwaya za Krismasi zinaanza kurekodi Novemba. Mpaka yeye aje mimi nasikilizia nini?

Sitaki aniombe radhi. Alinilipia karo, alilipia macho ya mama, na kwetu mkubwa haombi radhi kwa mdogo, tumelelewa hivyo. Ila angeweza kutuma sauti nyingine kwenye kundi lile lile. Hata fupi. Aseme tu nimeona picha, ni skrubu. Hilo nalo ni zito?

Jana mama amenipigia kuuliza, "Vile vya masikio vya kaka yako vimepona?" Vya kaka yako! Nikaitika, nimepona mama, sijui hata nilijibu nini. Tangu hapo ndiyo sijalala. Alinipa au aliniazima? Siku ile alipozitoa kwenye sanduku alisema "shika hizi", basi. Kama ni zangu, nikaze usiku huu huu na asiniulize mtu. Kama ni zake, nimekuwa nikifunika mali ya mtu kila jioni kama askari wa benki, na aje azichukue. Lakini mimi ni wa kumuuliza hivyo? Mzee mmoja wa msikitini kaniambia nyamaza, ndugu ni ndugu. Yeye hayumo kwenye kundi.

Nijibu upesi, Shangazi. Kuna kwaya inatoka Mbale Jumamosi, tumeshapokea nusu ya malipo na nusu hiyo imeshakuwa unga. Usinishauri ninunue nyingine. Na ukiichapisha barua hii, ile habari ya kamera iondoe, shemeji husoma ukurasa wako.

Mdogo mtu,
Busia