Pensheni huja kila mwezi, kodi ya pango hudaiwa kwa miezi sita

Ndugu Mhariri,

Kila yanapojadiliwa maslahi ya wastaafu, mazungumzo huishia kwenye kima cha pensheni: kipandishwe hadi shilingi ngapi, na lini. Ni mjadala wa haki na sina ugomvi nao. Lakini kwa mstaafu wa kipato cha chini anayepanga hapa Mbeya, kinachomwangusha ni kalenda pia. Pensheni inaingia benki mara moja kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, wengine mwaka mzima. Msaada wowote usioliona pengo hilo hautamtoa mzee alipo.

Naomba wasomaji tufanye hesabu pamoja. Kanuni ya mafao iliyoanza Julai 1, 2022 inatumia kikokotoo cha 1/580, mkupuo (fedha inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu) wa asilimia 33 na kizidisho cha 12.5. Mchukue mhudumu wa ofisi aliyechangia miezi 240, na wastani wa mshahara wake kwa miaka mitatu bora ni 400,000 kwa mwezi, yaani 4,800,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 240, gawanya kwa 580, unapata 1,986,207, pensheni yake kamili ya mwaka. Asilimia 33 ya hiyo, mara 12.5, ndiyo kiinua mgongo chake: kama 8,193,000. Asilimia 67 inayobaki, ukiigawa kwa miezi 12, ni takriban 110,900. Ikiwa chini ya kima cha chini cha mfuko wake, hupandishwa hadi hapo.

Tangu wakati huo mkupuo umeongezwa na wengi tumefurahi. Ila ijulikane kwamba kila asilimia inayoingia kwenye mkupuo inatoka kwenye pensheni ya mwezi. Mhudumu huyo huyo akipewa mkupuo wa asilimia 40, kwa mwezi hubaki na 99,300 hivi. Mkupuo mkubwa unamfaa mwenye nyumba tayari, kwa sababu ataupeleka kwenye ng'ombe au duka. Kwa asiye na nyumba, milioni nane inanunua kiwanja upande wa Itezi au Iwambi, inapandisha ukuta hadi kwenye linta, na hapo inakwisha. Pagale linabaki likinyeshewa, tofali za juu zinaanza kumomonyoka, na mwenyewe anaendelea kupanga chumba Ilomba.

Sasa chumba hicho. Tuseme ni 50,000 kwa mwezi. Siku ya kuingia anatakiwa 300,000 ya miezi sita, na dalali anataka ya mwezi mmoja, 50,000. Jumla 350,000, zaidi ya pensheni ya miezi mitatu, kabla hajanunua debe la mahindi wala gunia la mkaa, na kwa baridi ya Juni na Julai hapa mkaa si anasa. Akiba ya namna hiyo hana. Ndipo anapoingia kwenye mikopo ya kausha damu.

Mtego wake unakwenda hivi. Mkopeshaji hataki dhamana ya shamba, anataka kadi ya benki na namba ya siri. Pensheni ikiingia, anakwenda kutoa yeye, anakata chake, anamkabidhi mzee kinachobaki. Kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, mkopo wa 300,000 una riba ya 60,000 kila mwezi, na deni lenyewe halijaguswa. Mzee wa pensheni ya 110,000 akiachiwa 50,000, anarudi kukopa ya chakula. Miezi sita ikitimia, mwenye nyumba anabisha hodi, deni la kwanza lingali palepale. Wengi tunaowasikia "wamefukuzwa kwa kukosa kodi" wana pensheni, ila kadi iko mfukoni mwa mtu mwingine.

Hatari ya pili ni uhakiki. Mstaafu asipohakikiwa kwa wakati, malipo husimamishwa hadi athibitishe kuwa yu hai. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wameweka huduma ya simu ya PSSSF Kiganjani, ni hatua nzuri, lakini inadai simu janja, na mzee wa Tukuyu vijijini au Mbarali huishia kumtegemea mjukuu au kijana wa kibanda cha miamala. Malipo yakirudi, malimbikizo hulipwa. Mwenye nyumba hasubiri malimbikizo.

Sheria nayo haimkingi kwenye bei. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni makubaliano ya pande mbili. Kinga iliyobaki ni ya utaratibu: mkataba wa maandishi, na notisi. Pasipo muda uliotajwa, na kodi ikilipwa kwa mwezi, upangaji huhesabiwa kuwa wa mwezi kwa mwezi na notisi yake ni mwezi mmoja. Kung'oa mlango au kuezua bati ili mpangaji atoke si utaratibu. Baraza la Kata siku hizi kazi yake ni usuluhishi. Shauri lenyewe husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mzee asiye na mkataba wala risiti hufika huko mikono mitupu. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa kila mstaafu: hata daftari la shule linatosha, kila malipo yaandikwe tarehe, kiasi, miezi inayolipiwa, na sahihi ya mwenye nyumba.

Wenzetu wa mbali wamelitazama jambo hili kwa kuangalia kodi yenyewe. Finland ina msaada wa makazi mahsusi kwa wapokeaji pensheni, unaotolewa na taasisi ya Kela: gharama za makazi huwekewa ukomo kulingana na eneo, sehemu fulani hubebwa na mzee mwenyewe, na msaada hulipa asilimia 85 ya kinachozidi sehemu hiyo. Uingereza, mzee anayepanga aliyefikia umri wa pensheni huomba posho ya nyumba kwenye halmashauri yake, na kwa kundi hilo madai yanaweza kurudishwa nyuma hadi miezi mitatu, kwa kutambua kwamba wazee huchelewa kujua haki zao. Hatuna fedha za nchi hizo. Kanuni ya hesabu, lakini, haina gharama, nasi tunaweza kuichukua.

Zanzibar imeshaonyesha kwamba pensheni jamii inawezekana: tangu Aprili 2016 inawalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwanza 20,000 kwa mwezi na baadaye 50,000. Ni msaada wa thamani. Lakini ni kiasi kimoja kwa wote, mwenye nyumba na mpangaji, na hauligusi suala la miezi sita mbele.

Ninachopendekeza kwa Jiji la Mbeya, na halmashauri za Iringa na Njombe zinaweza kukifuata, ni kitu chenye sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni dhamana, si ruzuku. Halmashauri iwe na mfuko mdogo unaomlipa mwenye nyumba miezi mitatu ya mwanzo, na mstaafu aurejeshee mfuko kila mwezi kwa agizo la hiari la benki siku pensheni inapoingia, bila riba. Baada ya hapo mwenye nyumba analipwa kila mwezi kupitia agizo hilo hilo. Kwa mwenye nyumba faida ni kwamba hafuatilii tena na chumba hakikai wazi. Kwa chumba cha 50,000, mfuko unatoa 150,000 kwa mzee mmoja. Ikirejeshwa kwa 12,500 kwa mwezi, inakamilika ndani ya mwaka na kwenda kwa mwingine. Milioni 15 inaanza na wazee mia moja. Lakini mzee huyo sasa anatoa 62,500 kwa mwezi, nusu ya pensheni na zaidi, ndiyo maana dhamana peke yake haitoshi kwa wa chini kabisa.

Sehemu ya pili ni nyongeza. Mstaafu abebe kodi hadi asilimia 30 ya pensheni yake, na kinachozidi kichangiwe. Kwa pensheni ya 110,000, sehemu yake ni 33,000. Kodi ya 50,000 inazidi kwa 17,000. Tukitumia asilimia 85 ya Finland, mchango ni 14,450 kwa mwezi, 173,400 kwa mwaka. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mzee anayekula na mzee aliyeweka kadi rehani.

Pataharibika wapi? Kwanza, wenye nyumba wakisikia kuna mfuko watapandisha. Dawa ni ukomo wa kodi kwa kila kata, unaopitiwa mara moja kwa mwaka, na mchango usizidi ukomo huo hata kodi ikipanda. Pili, majina hewa. Orodha isitungwe na mtu mmoja. Ipite kwa baraza la wazee la mtaa, ofisa ustawi wa jamii wa kata na mtendaji, kisha ibandikwe ukutani wiki mbili kabla ya malipo. Tatu, mzee anayeishi kwa mwanawe kuandikiwa mkataba wa uongo. Hapo jirani wa pande mbili wathibitishe. Mtaani hakuna siri ya nani anapanga wapi. Nne, fedha ya mfuko kuchanganywa na matumizi mengine ya halmashauri. Iwe na akaunti yake.

Wapo watakaouliza kwa nini isitoke kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Kwa sababu imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawamo, na ni mikopo ya biashara, si ya kodi.

Wakati tunadai hayo, kuna nafuu zilizopo ambazo wazee wengi hawazichukui, hasa wenye nyumba zao. Kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, inakatwa 1,500 kila mwezi kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mzee wa miaka 60 na zaidi anasamehewa kwa nyumba moja anayoimiliki na kuishi humo. Lakini mita haijui umri wa mtu, msamaha huombwa. Aende ofisi inayosimamia kodi ya majengo na kitambulisho kinachoonyesha tarehe ya kuzaliwa, uthibitisho wa umiliki, barua ya serikali ya mtaa na namba ya mita. Maombi hukwama hasa kwa sababu ya majina: mita au hati iko kwa jina la marehemu mume, na mjane hana barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Hilo lishughulikiwe kwanza. Nyumba yenye mita mbili nayo huweza kukatwa mara mbili. Ziandikwe zote kwenye fomu. Na mpangaji mwenye mita yake akumbuke kwamba kodi ya jengo ni deni la mwenye nyumba. Atunze risiti za LUKU, azijumlishe, apunguze kwenye kodi ya pango kwa makubaliano ya maandishi.

Kuhusu umeme, wapo wazee wanaotumia balbu tatu na redio lakini wako kwenye daraja la matumizi ya kawaida. Huko 1,000 inatoa chini ya uniti 3. Kwenye daraja la D1, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, 1,000 hiyo hiyo inatoa takriban uniti 8. Kubadilishwa kunaombwa TANESCO, shirika la umeme. Tatizo ni nyumba za wapangaji wengi kwenye mita moja: matumizi ya pamoja yanavuka 75, na mzee analipia pasi na jiko la jirani.

Kwa nyumba za zamani, neno moja kuhusu paa. Halmashauri ikitenga hata kiasi kidogo cha ukarabati, isikimbilie kuezua. Mara nyingi bati la miaka ya nyuma bado zima. Kilichokufa ni mpira wa kichwa cha msumari, umekauka na kupasuka, maji yanapita kwenye tundu na kuozesha papi, zile mbao zinazoshika bati. Kubadilisha misumari na papi chache mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kunamuokoa mzee na gharama ya paa zima Februari.

Bajeti ya halmashauri inaanza Julai 1, lakini vipaumbele vyake hukusanywa kuanzia kwenye mitaa miezi mingi kabla, na baraza la madiwani huipitisha mwanzoni mwa mwaka. Nawaomba wastaafu wa Mbeya wafike kwenye mikutano ya mitaa kabla ya Desemba, wataje kodi ya pango kwa jina, na wadai iandikwe kwenye muhtasari. Madiwani nao waombe ofisi ya ustawi wa jamii hesabu ya wastaafu wanaopanga kwa kila kata, wajue wanatafuta fedha ya watu wangapi.

Msomaji wako,
Ilomba, Mbeya